Kutua Tanga Kabla ya Tufani: Umbo la Mitambo ya Upepo na Uhai Wake

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi umbo la mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo linavyoathiri utendaji wake na uwezo wake wa kuhimili tufani. Aidha, yanadhihirisha kwamba msamiati wa ubaharia wa Kiswahili unalimudu suala hili.

Kwa wakaazi wa Pwani, kuanzia Shika Adabu huko Likoni hadi Lamu, kusi na kaskazi ni pepo za riziki: hulijaza tanga. Tufani hulichana. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo ndani yake huongezeka mara 8. Kwa hivyo, panga refu huvuna zaidi upepo ukiwa mwanana, na hulemewa zaidi upepo ukichafuka.

Mitambo mingi huanza kuzalisha umeme kasi ifikapo mita 3 au 4 kwa sekunde, na hujizima ifikapo takriban mita 25. Hapo mapanga hugeuzwa, makali yakaukabili upepo, mithili ya nahodha alegezaye demani ili tanga limwage upepo. Kichwa cha mtambo nacho hugeuka kuufuata upepo. Umeme ukikatika, kichwa hicho huweza kukwama. Tufani ibadilishapo mwelekeo, hulipiga panga kwa ubapa. Mwezi wa Septemba 2003, tufani Maemi iliharibu mitambo 6 katika kisiwa cha Miyakojima, Japani. Mitatu kati yake ilianguka, mmoja ukiwa umeng'oka pamoja na msingi wake.

Katika kisiwa cha Guadeloupe, mitambo ya kampuni ya Vergnet yenye mapanga mawili hushikiliwa kwa nyaya za chuma na hulazwa chini tufani ikikaribia. Huko ndiko kutua tanga. Gharama yake ni kwamba mtambo wa kulazwa hauna budi kuwa mdogo, na mavuno yake huwa haba.

Nchini Kenya, mitambo 365 ya Loiyangalani, Marsabit, kila mmoja wa kilowati 850, ina mapanga mafupi yenye duara la kipenyo cha mita 52, yanayoufaa upepo mkali wa huko. Tufani haifiki Marsabit. Hata Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, ni nadra kufikiwa, kwani karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha. Hata hivyo, nadra si kamwe: mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia.

Hidaya ilitangazwa Tanzania kwa jina la kimbunga, neno ambalo wengi hulitumia pia kwa kisulisuli cha vumbi. Dhoruba, tufani na kimbunga hubadilishana nafasi katika matangazo na vitabu, ilhali mhandisi hutofautisha kwa vipimo. Neno likipwaya, mnara hujengwa dhaifu, na mvuvi aliyepaswa kutua tanga hutweka. Wanaleksikografia wana wajibu wa kuainisha istilahi hizi kabla upepo haujachafuka.