Kitamu kisichojifanya andazi

Mtu akiacha ugali, wali na chapati ili apunguze uzito au ashushe sukari ya damu, kinachomshinda kwanza mara nyingi si ugali. Mchana ana samaki, mchicha wa nazi na kipande cha parachichi, na shibe anaipata. Kinachomshinda ni saa nne asubuhi, chai inapopita ofisini na sinia la maandazi, kisha tena saa tatu usiku, vyombo vimeshaoshwa na mdomo bado unadai kitu. Soko nalo limeshaliona pengo hilo. Mijini wapo wapishi wanaouza keki za unga wa lozi, maandazi ya unga wa nazi na biskuti zilizoandikwa kuwa hazina sukari. Wanaahidi kwamba utaendelea kula kila ulichokuwa ukila, kwa saa zile zile, ila safari hii bila madhara. Ni ahadi tamu, na nadhani ndiyo inayowarudisha wengi walikotoka.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa: kupenda utamu, na hamu ya kitu kitamu fulani kwa saa fulani. Kupenda utamu tunazaliwa nako, na hakuondoki kirahisi. Mwaka 2016 Paul Wise na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio ambalo washiriki walipunguza sukari kwa takriban asilimia 40 kwa muda wa miezi mitatu. Ulimi wao ulibadilika: faluda ile ile waliiona ni tamu zaidi kuliko walivyoiona mwanzo. Hata hivyo, kiasi walichofurahia utamu hakikubadilika. Hamu ina tabia nyingine. Corby Martin na wenzake walichapisha mwaka 2011 matokeo ya watu 270 wenye unene uliozidi waliofuatiliwa kwa miaka miwili, nusu wakila wanga kidogo na nusu wakila mafuta kidogo. Waliopunguza wanga walipungukiwa zaidi hamu ya vyakula vya wanga, na hata vyakula vyenye sukari nyingi havikuwavutia kama zamani. Waliopunguza mafuta walipungukiwa hamu ya vyakula vya mafuta. Kila kundi, kwa maneno mengine, lilipoa kwa kile lilichokiacha.

Hapo ndipo andazi la unga wa lozi linapoingia matatani. Wanga limepunguza kweli: gramu 100 za unga mweupe wa ngano zina karibu gramu 75 za wanga, na lozi ziko mbali chini ya hapo. Lakini hamu haikujengwa na unga peke yake. Imejengwa na saa, harufu ya mafuta ya moto, umbo la kitu mkononi na watu wanaokila pamoja nawe. Ukiyaacha yote hayo kama yalivyo na kubadilisha unga tu, saa nne inabaki kuwa saa ya andazi. Siku mpishi wako akikosekana, au mfuko ukiwa mwepesi, andazi la ngano liko palepale kwenye sinia, na mwili umeandaliwa kulipokea. Tena unga wa lozi una kalori nyingi kuliko ule wa ngano, karibu 580 kwa gramu 100 dhidi ya 360 hivi, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulitangaza.

Asali na sukari guru hazistahili hata mjadala mrefu. Asali ni sukari kwa kiasi cha asilimia 80 hivi, na sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa yakaganda. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaihesabu asali katika fungu moja na sukari ya mezani, lile ambalo mwaka 2015 lilishauri lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana liwe chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Tende zina hoja bora kidogo, kwa kuwa ni tunda zima na zina nyuzinyuzi, lakini tende kavu ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Tatu wakati wa kufuturu ni jambo moja. Sahani ya tende mbele ya televisheni ni jambo lingine, hata ikiitwa kitafunwa cha asili.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaotetea vikoleza utamu visivyo na sukari, kama stevia na aspatame. Wanasema, na wanasema kweli, kwamba katika majaribio ya muda mfupi mtu anayebadilisha soda ya kawaida kwa soda isiyo na sukari hupungua uzito kidogo. Soda ya kawaida hubeba takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, hivyo kuiondoa ni faida, kwa njia yoyote ile. Lakini WHO ilipopitia ushahidi wa muda mrefu ilitoa mwongozo, Mei 2023, kwamba vikoleza hivyo visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Mwongozo huo haukuwagusa watu ambao tayari wana kisukari, na WHO yenyewe iliuita wa masharti, kwa sababu huenda watu wanaovitumia walikuwa na matatizo ya uzito kabla ya kuanza kuvitumia. Ninavyousoma, vikoleza vinafaa kama njia ya kutokea kwenye soda. Anayekunywa chupa mbili kwa siku na avitumie kuvuka. Asiyekunywa soda hana sababu ya kuanza na ile isiyo na sukari.

Basi aanzie wapi? Kwenye kikombe. Tunabishana kuhusu keki ya harusi inayoliwa mara chache kwa mwaka huku chai ikipita bila kuulizwa. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa, karibu gramu 36, kabla ya kitafunwa chochote. Kupunguza nusu kijiko kila wiki ni hatua ndogo, na jaribio la Wise linatupa sababu ya kuamini kwamba kikombe chenye sukari kidogo kitaonekana kitamu baada ya miezi michache. Iliki, mdalasini na tangawizi zinasaidia, maana harufu yake imeshazoeleka pamoja na utamu. Usingizi nao una sehemu yake. Watafiti wa Chicago walichapisha mwaka 2004 jaribio dogo la vijana 12 wa kiume: walipolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo, homoni ya njaa ilipanda, ile ya shibe ikashuka, na walitamani zaidi vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mtu anayelala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi daladala asijilaumu sana akiona nia yake imeyeyuka saa nne.

Kinachobaki ni kitamu chenyewe, na Pwani ilishakuwa na utaratibu mzuri wa jambo hili. Kahawa hunywewa chungu, kwa kikombe kidogo, na pembeni kuna kipande cha kashata au halua. Kinywaji hakina sukari, kitamu ni kidogo, na kinaonekana kwa macho. Chai ya sukari kwa andazi la sukari ni kinyume chake: utamu mara mbili, wala hakuna anayeuhesabu. Anayepunguza wanga anaweza kuufuata mpango huo huo kwa vitu visivyojifanya kashata, kwa mfano karanga za kukaanga, vipande vya nazi mbichi, mtindi mzito wenye iliki, au parachichi lililopondwa na unga wa kakao na tui. Na kabla ya kununua unga wa nazi wa dukani kwa bei ya kutisha, akumbuke kuwa unga huo kimsingi ni machicha yaliyokaushwa na kusagwa, yale yale yanayomwagiwa kuku nyumbani. Muhimu ni kuvila mwishoni mwa mlo, tumbo likiwa limeshiba, badala ya kuvipa saa yao maalumu. Ni kweli karanga zina mafuta mengi, na konzi moja ina karibu kalori 170. Ndiyo maana ziwe konzi moja kwenye kibakuli, si mfuko mzima.

Wapo watakaosema kwamba kujinyima huzaa ulafi, na kwamba atakayekataa visheti wiki nzima atamaliza bakuli siku ya Idi. Kwa watu waliowahi kuugua matatizo ya ulaji hofu hiyo ni ya haki, nao wanahitaji mtaalamu kabla ya daieti yoyote. Kwa wengine ushahidi unaelekea upande tofauti: mapitio ya majaribio kadhaa yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta kwamba watu waliopunguza chakula kwa muda wa kutosha walipungukiwa hamu, ikiwemo ya vitu vitamu. Idi, harusi na maulidi hazinitishi. Kalimati za siku ya sherehe zina mwanzo na mwisho, na mwenyeji anastahili kuheshimiwa. Mtu na ale kalimati halisi, zenye shira yake, kisha kesho yake arudi kwenye mpango wake bila kutafuta toleo la unga wa lozi.

Kundi moja lisifuate lolote kati ya haya bila daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, akipunguza wanga ghafla huku dozi ikibaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka hadi akatetemeka, akachanganyikiwa au akazimia. Dozi ipangwe upya kwanza. Na akiona dalili hizo akiwa bado na fahamu, anahitaji vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, glukosi, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha apime tena baada ya dakika 15. Soda isiyo na sukari haitamsaidia kitu, kwa hiyo hata nyumba iliyoacha sukari kabisa iwe na kopo la sukari kabatini.