Kabla landilodi hajanunua plastiki za mtambo wa majitaka, uliza maswali haya

Ukienda kutafuta keja Ruaka, Syokimau au Kitengela, maswali yako yanajulikana: maji yako? Waifai inashika? Deposti ni pesa ngapi? Ni wachache wanaouliza maji ya choo na ya jikoni huenda wapi. Sehemu nyingi ambako fleti zinachipuka kama uyoga hazijafikiwa na mabomba ya majitaka. Mwenye jengo hubaki na njia mbili: kuchimba shimo na kuita lori la kunyonya kila likijaa, au kujenga mtambo wake mdogo hapo hapo kwenye ploti.

Ndani ya mitambo mingi ya aina hii utapata vigurudumu vya plastiki vyenye matundu kama sega la nyuki. Ukivishika utadhani ni vitu vya watoto kuchezea. Lakini ndivyo vinavyoamua kama mto ulio nyuma ya jengo lenu utapokea maji au uvundo. Na kumbuka, kuna sukumawiki inayonyweshwa kwa mito hiyo hiyo, na jioni iko sokoni.

Kazi ya plastiki hizo ni kuwapa bakteria nyumba. Bakteria wanaokula uchafu hupenda kujishikiza mahali na kujenga utando telezi, kama ule unaougusa ndani ya jagi ambalo halijaoshwa kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Profesa Hallvard Ødegaard na wenzake nchini Norway walikuja na wazo hili: tia plastiki zinazoelea ndani ya tangi, puliza hewa kutoka chini, zizunguke na bakteria wake wakiwa kazini. Tangi linabaki dogo lakini kazi ni kubwa.

Sasa muuzaji anakuja na brosha, bei poa, picha safi. Muulize haya.

Kwanza: eneo lililokingwa ni mita mraba ngapi? Vipande hivi hugongana mchana na usiku, kwa hivyo utando wa upande wa nje hukwanguliwa. Bakteria wa kutegemewa ni wale walio ndani ya matundu. Kipande kimoja maarufu kutoka Norway, K1, kina jumla ya takriban mita mraba 800 kwa kila mita moja ya ujazo, lakini eneo lililokingwa ni kama 500 pekee. Mjanja atakutajia ile nambari kubwa.

Piga hesabu uone. Chukua jengo la watu 100, tukadirie kila mmoja anatoa uchafu wa gramu 50 za BOD kwa siku. BOD ni kipimo cha oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kuumaliza uchafu huo. Jumla ni kilo 5. Ukipanga kila mita mraba ya utando ile gramu 5 kwa siku, unahitaji mita mraba 1,000. Kwa plastiki ya 500, hizo ni mita 2 za ujazo. Lakini ikiwa ukweli ni 250, nusu ya kazi haina mfanyakazi. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za BOD kwa lita ya maji yanayomwagwa mtoni. Hapo mtambo hautafika.

Pili: inaelea vipi? Plastiki inayofaa ni nyepesi kidogo kuliko maji, ili hewa iizungushe bila taabu. Jaribu nyumbani: kata kipande cha chupa ya soda na ukitumbukize majini pamoja na kifuniko chake. Kifuniko kitaelea, kipande cha chupa kitazama. Kama unawazia kugeuza taka za plastiki kuwa biashara ya vipande hivi, anzia kwenye vifuniko.

Tatu: matundu yana ukubwa gani? Matundu madogo huongeza eneo, lakini majitaka mazito yenye mafuta ya jikoni huyaziba, na eneo lote hilo likapotea. Kwa uchafu mzito, chagua matundu mapana. Madogo yanafaa hatua ya baadaye ya kuondoa amonia, ambapo utando huwa mwembamba. Sponji nazo zina eneo kubwa ajabu, ila huchakaa na kuziba upesi.

Nne: utajaza tangi kiasi gani? Ukipita thuluthi mbili, vipande vinabanana na havizunguki tena. Zile mita 2 za mfano wetu zinahitaji tangi la angalau mita 3, na 4 ni salama zaidi.

Tano, na hili wengi hulisahau: wavu uko wapi? Machi 2011, mtambo wa mji wa Hooksett, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, ulipoteza mamilioni ya vipande hivi. Viliingia Mto Merrimack na kwenda kuokotwa kwenye fuo za bahari za jimbo jirani la Massachusetts. Huku kwetu, Mto Nairobi humwagika Mto Athi, ambao huteremka ukiitwa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari Hindi karibu na Malindi. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017. Itakuwa aibu tukiileta plastiki nyingine mtoni kwa jina la usafi.

Wavu huo nao una adui, na huenda ni wewe. Pempa, sodo na nywele zikitupwa chooni huishia hapo, zikaziba, maji yakapanda na kumwagika juu. Dawa kali ya kuua viini ukiimwaga chupa nzima, unaua wafanyakazi wa mtambo, na utando mpya huchukua wiki kadhaa kukua.

Kwa hivyo safari ijayo ukionyeshwa nyumba, ukishamaliza ya waifai, ongeza swali moja: majitaka huenda wapi? Keateka akikosa jibu, zunguka nyuma ya jengo ukanuse mwenyewe.