Ukiletewa Bondi ya Kale ya Italia, Usitume Ada

Tuseme ni siku ya soko Kegonga, umeuza mahindi na hela zimeingia kwenye simu. Mara unatumiwa picha WhatsApp: karatasi kuukuu, mihuri, maandishi ya Kiitaliano. Unaambiwa hiyo ni bondi ya serikali ya mamilioni, yako kabisa, ila kuna ada kidogo ya kuikomboa. Kabla hujaweka namba ya siri, tusikilize.

Bondi za kale zipo kweli, na kuna watu huzikusanya kama stempu. Venice iliunganisha madeni yake mwaka 1262, ikawa inawalipa raia waliokopesha riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Lakini mikopo hiyo iliandikwa kwenye madaftari ya serikali tu. Mkopeshaji hakupewa cheti cha kubeba. Kwa hivyo mtu akikuonyesha cheti cha "bondi ya Venice ya mwaka 1300", hapo tayari ni uongo.

Wakusanyaji hupata zaidi zile za karne ya 19, za falme kama Sardinia, zilizochapishwa zikiwa na vikuponi vya riba. Mwenyewe alikata kikuponi kimoja, akakipeleka, akalipwa. Italia ilipoungana 1861, madeni ya falme hizo yakaingizwa kwenye daftari moja la taifa. Karatasi iliyobaki leo ni kumbukumbu: bei yake ni ile mkusanyaji atakubali kutoa kwa uzuri wake, uhaba wake, au sahihi iliyo juu yake. Kiasi kilichochapwa pale si pesa tena. Hata lira yenyewe ilikoma kutumika 2002.

Na hapa kwetu? Machi 2017 serikali ya Kenya iliuza M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10 kwa mwaka bila kodi. Hakukuwa na karatasi, jina lako tu kwenye rejista, kama Venice ile ile! Tangu 2023 Benki Kuu ina DhowCSD, unafungua akaunti mwenyewe kwa simu. Hakuna ajenti wa kukuuzia bondi kwa laini yake binafsi.

Kama umeshatuma, usibishane naye kwenye meseji. Tupigie huduma kwa wateja papo hapo, ukiwa na ile meseji ya muamala. Akishazitoa kwa wakala, kuzirudisha inakuwa ngumu sana.