BIASHARA NA HABARI ZA DUNIA

Wahenga walinena: "Mali bila daftari huisha bila habari." Hapana shaka ni kweli, ndiyo sababu twafundishwa utunzaji wa hesabu. Lakini daftari huonyesha fedha iliyokwisha kuingia na kutoka. Halionyeshi kama mnunuzi atarudi mwakani.

Tutazame mbaazi za Hanang. Mnunuzi wake mkubwa ni India. Mwaka 2015 bei ilikuwa juu sana huko, na mwaka 2016 wakulima wa India wakalima mbaazi nyingi mno. Basi, ili kuwalinda, mwezi wa Agosti 2017 Serikali yao iliweka kikomo: tani 200,000 tu kwa mwaka. Huku kwetu ulikuwa wakati wa mavuno, bei ikaanguka. Kikomo kiliondolewa mwaka 2021, lakini aliyekiweka aweza kukiweka tena.

Kwa hiyo yafaa somo la biashara lituzoeze kuuliza kabla ya kupanda: Nani atanunua? Kwa nini anunue kwetu? Akiacha, tutamwuzia nani? Mkulima wa kitunguu saumu wa Mbulu naye aulize hivyo, maana China huvuna kitunguu hicho kuliko nchi zote. Daftari tulitunze, na habari za dunia tuzisome.