Mchawi asiyeonekana hukatizwaje mezani?

UKIKETI mezani Westlands kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa maigizo na dadu uliotolewa Marekani mwaka wa 1974, huenda mzozo ukazuka: mchawi asiyeonekana hukatizwaje anaporoga?

Katika toleo la 2000, mpiganaji aliyekaa chonjo aliposikia maneno ya uchawi aliweza kushambulia kabla hayajakamilika, na jeraha likaweza kuuvuruga. Kanuni za 2014 hazina nafasi hiyo (wenye panga walionewa, nadhani). Shambulio la aliyekaa chonjo huja baada ya tendo. Uchawi wa kuzingua nao, hata baada ya marekebisho ya 2024, hudai umwone mrogaji, tena ndani ya futi 60. Sikio halitoshi.

Njia nzuri zaidi iliyobaki ni kutandaza ukimya mahali unapodhani amesimama, maana uchawi mwingi huhitaji kutamkwa. Ukikosea mahali, umepoteza zamu.