Istilahi za Injini na Ekzosi: Mfano wa Datsun 240Z

Mfasiri anayeletewa kitabu cha mafundi kinachoeleza namna ya kuiongezea nguvu injini ya gari la michezo la zamani hukutana na shida mapema, wala shida hiyo haitokani na maneno ya kigeni asiyoyajua. Hutokana na neno la Kiswahili analolijua mno, yaani nguvu. Kitabu husema kwamba fundi akibadili mabomba ya ekzosi na kabureta, kitu kimoja huongezeka na kingine hupungua. Mfasiri akiviita vyote viwili "nguvu," sentensi yake itasema kwamba nguvu imeongezeka na nguvu imepungua, na fundi atakayeisoma atachagua maana aipendayo. Hapo fedha za mwenye gari hupotea, na pengine injini yenyewe pia.

Makala haya yanakusudia kuyatazama maneno ya namna hiyo yakiwa kazini, ndani ya gari moja ambalo Afrika ya Mashariki ililijua vizuri. Gari hilo ni Datsun 240Z la Japani, lililouzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda wakiendesha gari la aina hiyo hiyo. Hata leo wapo wanaoyafufua magari hayo na kuyaongezea mwendo, na maandishi ya mafundi juu yake ni mengi kwa lugha za kigeni.

Injini ya gari hili ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, kabureta mbili, na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Neno ujazo limekwisha kuzoeleka na halina matata. Matata huanza kiwanda kinapotangaza kwamba injini hutoa nguvu farasi 151 inapozunguka mara 5,600 kwa dakika, kisha kikaongeza kipimo cha pili, karibu nyutoni-mita 198, kinachopatikana kwenye mizunguko 4,400. Kipimo hiki cha pili ni cha nini? Ni cha ile kani inayoupinda mtaimbo wa injini ili uzunguke, mfano wa mkono wa fundi unavyoivuta spana ili kuilegeza nati. Mkono unaweza kuvuta kwa kani kubwa hata kama nati haijasogea. Nguvu farasi ni jambo jingine: huonyesha ni kazi kiasi gani imefanyika katika muda fulani.

Hesabu fupi itatosha kuonyesha tofauti. Kwenye mizunguko 4,400, mahali ambapo kipimo cha pili kiko kileleni, injini hii hutoa nguvu farasi 122 tu. Kwenye mizunguko 5,600 kipimo hicho kimeshuka hadi nyutoni-mita 192 hivi, lakini nguvu farasi zimefika 151, kwa sababu kani iliyopungua kidogo inafanya kazi mara nyingi zaidi katika kila dakika. Vitu viwili vyenye vilele viwili haviwezi kuitwa kwa jina moja.

Kwa maoni yangu neno nguvu libaki na nguvu farasi, maana umma umekwisha kulipa haki hiyo, na lisiandikwe katika maandishi ya ufundi bila kipimo chake, kiwe farasi au kilowati. Kipimo cha pili kiitwe kani mzunguko. Wako watakaopendelea msokoto, na neno hilo lina uzuri wake, kwani msokota kamba anajua hasa linavyofanya kazi. Lakini msokoto unatumika pia kwa maumivu ya tumbo, na zaidi ya hayo hauna ndugu. Kani inao: shuleni mwanafunzi amekwisha kujifunza kani na kanieneo, na kani mzunguko itakaa katika ukoo huo pasipo maelezo marefu. Neno uwezo, ambalo baadhi ya wafasiri hulitumia mahali pa nguvu, ni afadhali liachwe, kwa kuwa wengine hulitumia kwa ujazo na wengine kwa idadi ya abiria.

Kuna mtego mwingine katika zile farasi 151. Kwa desturi ya upimaji iliyotumika Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini ilipimwa ikiwa mezani, imevuliwa vifaa vinavyokula nguvu yake, na gesi zake zikipitishwa katika mabomba mapana ya maabara, si katika ekzosi ya gari. Kwa hiyo mtu akilinganisha tarakimu hiyo na ile inayopimwa gari likiwa barabarani, ataona kana kwamba ameibiwa. Wahasibu wametutangulia hapa: wao husema pato ghafi na pato halisi. Tuseme basi nguvu ghafi na nguvu halisi, na mfasiri asiiache tarakimu ya zamani bila mojawapo ya maneno hayo mawili.

Sasa tuje kwenye ekzosi. Neno hili la gereji limeingia kamusini, nami silioni baya. Wanaotaka kulifukuza hutoa badala yake "bomba la moshi," wakisahau kwamba hilo ni dohani, iwe ya nyumba au ya meli. Tena injini nzima haitoi moshi wa kuonekana. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua, na mweusi ni dalili ya petroli iliyozidi. Kitabu kikisema gesi ya ekzosi ipimwe, na mfasiri akaandika moshi upimwe, fundi mwenye injini nzuri ataikaribia akatafuta kitu ambacho hakipo.

Jambo kubwa ni kwamba ekzosi si bomba moja. Gesi hutoka kwanza katika manifoldi, ambayo katika gari hili ni chuma cha kusubu chenye njia fupi zinazokutana karibu, kisha hupita katika bomba refu, sailensa, na mkia. Anayetafuta nguvu huiondoa manifoldi hiyo akaweka mabomba sita yaliyotengana, moja kwa kila silinda. Mabomba ya silinda tatu za mbele huungana kuwa moja, na ya silinda tatu za nyuma vivyo hivyo. Mpango huo una sababu. Silinda hizi huwaka kwa zamu ya 1, 5, 3, 6, 2, 4, hivyo katika kila kundi la tatu mlipuko hufuatana na mwenziwe kwa nafasi zilizo sawa, na gesi ya silinda moja haiisongi ya jirani.

Valvu ya ekzosi inapofunguka, gesi huchomoka kwa kishindo na wimbi la kanieneo husafiri bombani. Likifika mahali bomba linapopanuka au kuungana na mengine, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa imegeuka: lililokwenda likisukuma hurudi likivuta. Likiirudia silinda wakati valvu ya kuingiza na valvu ya kutoa zote mbili ziko wazi, huyafyonza mabaki ya gesi iliyoungua na kuivuta ndani hewa mpya. Muda huo wa valvu zote mbili kuwa wazi una jina moja katika Kiingereza, na mfasiri huvutwa kuuita mpishano. Asikubali. Wanaopishana, mmoja huondoka mwingine anapofika, na ndiyo kinyume cha maana inayotakiwa. Ni bora aandike maneno manne yaliyo wazi kuliko moja linalopotosha.

Kwa kuwa wimbi lina mwendo wake na bomba lina urefu wake, wimbi huwahi kwa wakati kwenye mizunguko fulani tu. Bomba fupi hufaa mizunguko mingi, na bomba refu husaidia mizunguko michache. Bomba pana mno huipunguzia gesi mwendo, na injini hulegea gari linapoondoka au linapopanda mlima. Hapa ndipo nguvu farasi zinapoongezeka juu na kani mzunguko ikapungua chini, na hii ndiyo sentensi tuliyoanza nayo.

Baada ya ekzosi hufuata kabureta. Wengi huziondoa zile mbili na kuweka tatu zenye koo mbili kila moja, hivi kwamba kila silinda ina koo lake. Injini ikipitisha hewa zaidi bila petroli kuongezeka kwa kadiri hiyo, joto hupanda na pistoni huweza kutoboka. Kwa petroli ya kawaida mchanganyiko kamili ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na injini inayotakiwa kutoa nguvu yake yote huhitaji hewa pungufu ya hapo, kiasi cha gramu 12.5 hadi 13. Waingereza husema mchanganyiko umekonda au umetajirika. Tukifasiri hivyo tutachekwa, na aliyezoea lugha ya gereji hataelewa. Mchanganyiko mwepesi na mchanganyiko mzito yanatosha, mradi mara ya kwanza ielezwe kwamba uzito huo ni wa petroli.

Mengine nitayapita upesi. Kukwangua kichwa cha silinda huongeza mgandamizo. Katika injini hii hukifanya pia chombo kinachozifungua valvu kisogee karibu na mtaimbo, mnyororo ukalegea na saa za valvu zikachelewa. Saa za valvu ni msemo mzuri, nao hauhitaji kubadilishwa.

Limesalia neno linalowahusu zaidi watumishi wa serikali na wa bima. Fundi anayelisafisha koo la kabureta na kulirudisha katika vipimo vya kiwanda husema amelirekebisha gari, na anayefunga kabureta tatu na mabomba sita husema vilevile. Fomu inayouliza kama gari limerekebishwa itajibiwa "ndiyo" na wote wawili, au "hapana" na wote wawili, na ajali ikitokea bima itakuwa na la kusema. Napendekeza kurekebisha kuwe kurudisha kifaa katika vipimo vyake, na kugeuza kuwe kukitoa katika vipimo hivyo kwa makusudi. Swali la fomu liwe: je, injini au ekzosi ya gari hili imegeuzwa, na imegeuzwa katika sehemu zipi?