MWANAJUMA SI MTOTO WA JUMA

Iwapo una dada, shangazi au jirani aitwaye Mwanajuma, hebu waulize walio karibu nawe maana ya jina hilo. Wengi watakujibu bila kusita kwamba ni mtoto wa Juma. Hilo ni kosa, tena si kosa la kuchekewa, kwani limepata kuwatia mashakani watu wa nyumbani kwetu.

Shangazi yangu aliitwa Mwanajuma. Alipokwenda kutafuta kitambulisho, karani alimwuliza jina, akalikata vipande viwili: Mwana, kisha Juma. Huyo Juma akamwandika mahali pa baba. Shangazi alisoma chuoni kama sisi sote, herufi za Kizungu hakuzijua. Alikipokea kitambulisho chake, akashukuru, akarudi nyumbani. Miaka ikapita. Babu alipofariki na minazi yake kutakiwa igawanywe, kitambulisho kilisema kwamba shangazi ni binti wa Juma, na babu hakuitwa Juma. Ilimbidi ale kiapo mbele ya wakili, na wazee wawili wamshuhudie, ndipo akapata fungu lake katika mali ya baba yake mzazi.

Chanzo cha yote hayo ni neno "mwana". Ni kweli, mwana ni mtoto. Lakini katika Kiswahili cha pwani, hasa cha Lamu na visiwa vya jirani, mwana pia ni bibi mwenye kuheshimiwa, kama bwana alivyo kwa upande wa wanaume. Pate ilipata kutawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18, na miongoni mwa watawala wa kiume wa mji huo huo alikuwako Bwana Tamu. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mashuhuri mwaka 1858, alikuwa binti Mshamu. Kupona ni jina lake mwenyewe, wala si la baba yake.

Mwenye shaka na ayatazame majina yanayokwenda kwa jozi: Bwanakombo na Mwanakombo, Bwanaheri na Mwanaheri. Na Mwanaisha je? Aisha ni mwanamke, na kwetu sisi mtoto hunasibishwa na baba. Mwanaisha, basi, ni Bibi Aisha.

Tuje kwenye Juma. Hiyo ni siku ya Ijumaa, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo huitwa Juma, na wa kike Mwanajuma. Vivyo hivyo wa Alhamisi ni Hamisi na Mwanahamisi, na aliyezaliwa sikukuu ni Idi au Mwanaidi. Waama, Mwanajuma ni Bibi wa Ijumaa, siku iliyo bora kuliko zote katika juma.

Hapa pana jambo jingine liwakanganyalo vijana. Nimemsikia msichana akilalamika kwamba nyanya yake alikosea kumwita Mwanajuma, maana cheti chake cha kuzaliwa kina tarehe ya Alhamisi. Nikamwuliza: ulizaliwa saa ngapi? Akasema saa tatu za usiku. Basi nyanya hakukosea. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Aliyezaliwa Alhamisi baada ya magharibi amezaliwa usiku wa Ijumaa. Cheti kimehesabu kwa saa za Kizungu, nyanya amehesabu kwa adhana, na wote wawili wamesema kweli.

Hata hivyo, si kila Mwanajuma aliyezaliwa Ijumaa. Wengi wamerithi jina la nyanya, na nyanya na mjukuu huyo huitana somo. Mama wa mtoto naye huona haya kulipaza jina la mkwewe uani, hasa akiwa na hasira. Kwa hiyo humwita mtoto Nana, au Mama, na jina lenyewe likatunzwa kwa siku za maana: chuoni, harusini na mbele ya kadhi.

Shuleni mambo hugeuka. Mwalimu husoma orodha na kuita "Juma!", msichana akasimama, darasa zima likacheka. Nimewaona waliochoka na kicheko hicho, wakalificha jina na kujitafutia jingine.

Wazazi, tuliandike jina hili kwa neno moja, na tuisome fomu kabla ya kutia sahihi. Kisha tumwambie binti mwenyewe maana yake. Alipozaliwa alipewa cheo cha ubibi pamoja na jina, na si haki kalamu ya karani imvue.